Tanki la Lita Elfu Mbili

Siku mwanamume wa mashine alipofika Kitangari, akina mama kumi walikuwa wameshanawa mikono. Walinawa kwa Imakulata, nyuma ya jiko, kwa maji ya dumu moja ambalo Imakulata alilinunua asubuhi ile kwa shilingi mia tano, maana mwezi wa tisa bomba la kijiji hutoa upepo tu. Alikuwa ameambiwa kwenye simu kwamba mashine haisomi kidole kichafu. Basi alisimama na kopo akawamwagia mmoja mmoja, kidogo kidogo, na chini akaweka beseni ili yale yanayodondoka yasipotee. Mbuzi wakapewa.

Mwanamume huyo alisema anaitwa Felix. Alikuja na pikipiki nyekundu, shati lake lina picha ya tone la maji kifuani, na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Aliwaamkia wakubwa shikamoo mmoja baada ya mwingine. Alipoletewa soda aliikataa, akasema watu wa mradi hawaruhusiwi kupokea chochote kutoka kwa wananchi. Imakulata alilitia hilo moyoni. Tapeli gani anakataa soda?

"Kwa hiyo hakuna hela?" Nuria aliuliza. Ilikuwa mara ya tatu. Nuria, mama yake Sultani, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote pale bombani.

"Hata senti, mama. Mkimwona mtu anawaomba hela kwa jina la mradi huu, huyo mkamateni."

"Na matanki yanakuja lini?"

"Kabla ya mvua za kwanza. Kila kaya lita elfu moja."

Wanawake walitazamana. Lita elfu moja ni ndoo hamsini. Ni ndoo hamsini zisizobebwa kichwani, zisizopangiwa foleni tangu alfajiri, zisizogombewa. Mmoja alicheka peke yake kama mtu aliyetekenywa.

Felix aliandika namba za vitambulisho vyao kwenye simu yake, kisha akatoa mashine ndogo, saizi ya kipande cha sabuni, yenye kioo chenye mwanga mwekundu. Kila mama aliweka kidole. "Rudia," alisema Felix. "Haijashika vizuri. Rudia. Sasa hiki kingine." Walirudia. Wengine mara tatu, wengine nne, na Imakulata mwenyewe, wa kumi na moja, alirudia pia.

Bibi Dominika ndiye aliyesumbua. Alikuwa amepita miaka sabini na anaishi peke yake kwenye nyumba inayopakana na ya Imakulata. Alikuwa amebangua korosho tangu usichana, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemla vidole mpaka ncha zake zikawa laini na nyeusi.

"Kidole changu kimekwisha, baba," alimwambia Felix kwa aibu. "Niache tu mimi."

"Hatuwezi kukuacha, bibi. Wewe ndiye hasa mlengwa. Rudia."

Imakulata alimshika kifundo cha mkono, akampangusa kidole kwa ncha ya khanga yake, akakibandika kwenye kioo. Mashine ililia. "Tena," alisema Felix. Akabandika tena. Mara tisa. Ya tisa ilipolia, wanawake walipiga makofi, na Bibi Dominika akatabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Ujumbe wenyewe ulikuwa umeingia kwenye wasapu ya Imakulata mwezi wa nane, katika ile simu ambayo binti yake Careen alimletea kutoka Masasi. Ulikuwa mrefu, una picha ya matanki meusi yaliyopangwa mstari na mzungu mwenye kofia ngumu. Imakulata aliubonyeza palipoandikwa bonyeza hapa, akajaza jina na namba, na kesho yake akapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole aliyejitambulisha kama Husseni, afisa wa mradi.

Akina mama aliwasomea ujumbe huo bombani kwa sauti. Aliusoma wote isipokuwa sehemu ya mwisho. Sehemu ya mwisho ilisema hivi: *Ukisajili akina mama kumi wenye vitambulisho, wewe Mama Kiongozi utapata tanki la lita elfu mbili, litakaloletwa kwanza, pamoja na mifereji ya bati na mafundi wa kufunga.*

Hakusema uongo. Alinyamaza tu. Alijiambia kwamba wao nao watapata yao, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa.

Mumewe, Modest, ndiye pekee aliyejua. Modest hakuwa mtu wa kuamini haraka. Alikuwa amekwishaona wanunuzi wa korosho wakija na mizani zao na maneno yao.

"Wanataka hela?" alimwuliza.

"Hawataki."

"Hata ya mafuta ya gari?"

"Hata hiyo."

Modest alifikiri. "Basi hawawezi kutuibia. Mtu anaiba kilichopo, na hapa hakuna."

Wiki ile alinunua saruji mifuko mitatu kwa hela iliyotengwa kuezeka jiko, akajenga kitako cha tanki pembeni mwa nyumba. Alikipima kwa kamba kitoshe tanki la elfu mbili. Jirani mmoja alipomwuliza mbona kipana hivi, Modest alisema saruji ilizidi.

Mwezi wa kumi ulipita. Husseni alikuwa akipokea simu bado. Mara gari liko bandarini Mtwara, mara limefika Masasi linasubiri kibali, mara limepata pancha Ndanda. Kisha akaanza kutopokea. Kisha namba ikawa haipatikani. Mvua ya kwanza ikanyesha usiku kucha, maji yakashuka mabatini yakaingia ardhini, na asubuhi wanawake walikwenda bombani na ndoo zao kama kawaida.

"Mama Careen," Nuria aliita mbele ya watu, "gari limefika wapi leo?"

Wengine walicheka. Imakulata naye alicheka, maana asingecheka wangemwona amekasirika.

"Limelala Mkunya," alijibu. "Dereva kapata mchumba."

Ikawa mzaha. Watoto walianza kukaa kwenye kile kitako cha saruji wakijifanya maji. Modest aliwafukuza siku mbili, siku ya tatu akawaacha. Imakulata alifika mahali pa kujiambia kwamba yamekwisha: hakuna aliyepoteza kitu, ni saruji tu na soda moja isiyonywewa.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na moja, mtendaji wa kijiji, Bwana Yoeli, kijana wa Njombe mwenye mwaka mmoja kazini, alikuja na karatasi mkononi akipita mlango hadi mlango, akimtafuta Dominika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Bibi, una laini ngapi za simu?"

"Laini ya nini?"

"Ya simu. Ya kupigia."

"Mimi sina simu, mwanangu. Nikitaka kusema na mtu namwomba huyu," akamwonyesha Imakulata, ambaye alikuwa ameshafika kwa kuona karatasi.

Bwana Yoeli aliisoma tena barua yake. Aliisoma polepole, kisha akaeleza. Kuna mwalimu mmoja wa kike, Singida. Aliona pikipiki mtandaoni, inauzwa nusu bei. Akaambiwa atume kianzio. Akatuma laki nane na arobaini. Namba aliyoitumia hela hizo ikazimwa. Polisi walipofuatilia, namba ile imesajiliwa kwa jina la Dominika, wa Kitangari, kwa kidole chake.

Bibi Dominika alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka kwa Imakulata ili atafsiriwe, ingawa maneno yote yalikuwa Kiswahili.

"Mwalimu wa Singida ananidai mimi?"

Imakulata alikuwa anasikia kichwani mlio wa ile mashine.

"Anatakiwa kituoni Newala kesho," alisema Bwana Yoeli. "Na wewe Mama Careen, nasikia ndiye uliyewakusanya. Nenda naye. Chukua simu yako, yale mazungumzo yote na hao watu yatamsaidia sana bibi. Ndiyo ushahidi wenyewe."

Asubuhi ya kuondoka, Modest alikaa kwenye mkeka bila kugusa chai.

"Watakuuliza ujumbe."

"Nitawaonyesha," alisema Imakulata. "Kila kitu kimo. Namba ya Husseni, sauti zake, hata picha ya Felix waliyonitumia ili nimtambue akifika."

"Na ile ya lita elfu mbili?"

Imakulata aliigeuza simu mkononi.

"Wataisoma mbele ya bibi," Modest aliendelea, sauti ya chini. "Bibi atamweleza Mama Sultani, bila hata nia mbaya. Jioni itakuwa bombani. Watasema uliwauza kumi kwa tanki moja. Mimi nitaonekana nilijenga kitako nikijua. Tutaishi wapi, Mama Careen?"

"Lakini bibi je?"

"Bibi ni mzee. Nani atamfunga bibi kizee asiye na simu? Wakimwona tu watamrudisha."

Alisema hivyo kwa sababu aliamini, au kwa sababu alitaka kuamini. Imakulata alifungua simu. Alitafuta namna ya kuondoa ule mstari wa mwisho na kubakiza mingine. Haikuwezekana, ujumbe ulikuwa mmoja, mrefu, mwanzo na mwisho vimeshikana. Na hata angeufuta huo peke yake, kwenye sauti zake Husseni alimwita Mama Kiongozi kila mara, akimkumbusha zawadi yake. Simu ikamwuliza kama anataka kufuta mazungumzo yote na Husseni, akabonyeza ndiyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupuliza vumbi. Picha ya Felix ikaenda, sauti ya Husseni ikaenda, akafuta na orodha ya simu alizopigiwa, na namba yake hakuwa ameiandika popote pengine.

"Sema simu iliangukia kwenye maji," alisema Modest.

"Maji gani, Baba Careen?"

Kituoni aliyewapokea alikuwa Koplo Nehemia, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpa Bibi Dominika kiti chake mwenyewe, akaita maji ya kunywa. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kuazima.

"Bibi, kwa jina lako kuna laini tisa," alisema Koplo. "Moja ndiyo imeleta kesi hii. Nyingine nane hatujui zinafanya nini huko zilipo."

Tisa. Imakulata alitazama sakafu.

"Nilibandika kidole kwa ajili ya tanki la maji," alisema Bibi. "Kijana alikuja na pikipiki. Alisema rudia, nikarudia."

"Kila uliporudia, bibi, alisajili laini. Ndivyo wanavyofanya. Wanakuja na cha bure, hawaombi hela, kwa hiyo mtu hashtuki. Wanachotaka ni kidole na namba ya kitambulisho. Laini wanauza kwa matapeli wenzao." Akamgeukia Imakulata. "Mama, nasikia una mazungumzo nao."

"Nilikuwa nayo. Yamepotea."

"Yamepoteaje?"

"Simu ilizima yenyewe. Ilipowaka hayapo."

Koplo alinyoosha mkono, akapewa simu. Alipandisha kwa kidole, akateremsha. Alichukua muda. "Ya kwaya ya mwaka juzi yapo," alisema taratibu. "Salamu za Krismasi zipo. Hii ya mwezi wa nane tu ndiyo imepotea."

Kabla Imakulata hajapata la kusema, Bibi Dominika alimwinulia Koplo mkono kama anayezuia kuku.

"Baba, usimtilie shaka huyu. Huyu hawezi kusema uongo. Huyu ndiye aliyetununulia maji tukanawa mikono, kwa hela yake."

Koplo Nehemia aliwatazama wote wawili kwa zamu, halafu akairudisha simu mezani.

"Bibi, mimi nakuamini," alisema. "Lakini faili halimwamini mtu. Faili linataka karatasi. Ningekuwa na namba ya huyo Husseni na sura ya huyo Felix, leo ningeandika jambo jingine kabisa. Sasa nitaandika barua kwa kampuni ya simu, nitaandika Singida, tusubiri. Mpaka hapo utakuwa nje kwa dhamana, na utaripoti hapa kila baada ya wiki mbili, Jumatatu."

"Kuripoti ni kufanya nini?"

"Kuja kuonekana, bibi. Kwamba hujakimbia."

Bibi alicheka kidogo. "Nikimbie niende wapi?"

Imakulata ndiye aliyetia sahihi ya mdhamini. Bibi Dominika akampigapiga bega.

Koplo aliwafundisha namba ya kupiga ili mtu aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake: nyota, mia moja na sita, alama ya reli. Jioni ile walikusanyika kwa Nuria, akina mama wote, na simu ikapita mkono kwa mkono. Aliyeona idadi yake aliisema kwa sauti ndogo, kama anayetaja ugonjwa. Laini nne. Laini tatu. Nuria alikuwa na tano.

"Tano!" alisema. "Mimi hata hii moja siiwekei vocha. Sasa hawa wameiba nini kwetu?"

"Majina," alisema mmoja.

"Jina langu linafanya nini huko? Linamwibia nani leo?"

Kuzikana laini hizo kulihitaji kwenda ofisi za kampuni za simu, kila kampuni kivyake, na nauli ya kwenda Masasi na kurudi ilikuwa hela ya mafuta ya taa, sabuni na chumvi ya mwezi. Wengine walisema wataenda baada ya kuuza korosho. Wengine walijua hawataenda kabisa.

"Na wewe, Mama Careen?" Nuria alimkodolea macho. "Una ngapi?"

Imakulata alipiga namba ile mbele yao wote. Alisubiri. Majibu yalipokuja yalionyesha laini nne, tatu si zake. Alifurahi. Alihisi kicheko kikimjia usoni akakizuia. Kama angekutwa na moja tu wangemgeukia palepale. Sasa alikuwa ameibiwa kama wao, na aliwaonyesha kioo cha simu, akihakikisha kila mmoja amekiona.

"Pole, mwenzetu," Nuria alisema, na macho yake yakalegea.

Kila Jumatatu ya kuripoti Imakulata alimsindikiza Bibi Dominika. Nauli ya wote wawili alitoa yeye. Wakati wa kuuza korosho, Jumatatu moja ilimfanya akose siku ya mizani. Modest alilalamika, hakujibiwa. Mwaka ulibadilika, mwezi wa pili ukaja, na kule Singida bado hakujatoka neno. Watu walianza kumsifu. "Mama Careen ana moyo," walisema bombani, na Nuria, ambaye hapo zamani asingempisha mtu kwenye foleni, siku za kuripoti alimpisha ili awahi gari. Sifa hizo alizipokea kichwa chini. Walidhani ni unyenyekevu.

Bibi hakulalamika. Kitu kimoja tu kilibadilika kwake: aliacha kutaja jina lake. Mgeni akimwuliza, alisema, "Mimi bibi wa hapa tu."

Mwezi wa tatu, Bwana Yoeli alipita na spika juu ya pikipiki. Madaktari wa macho watakuja zahanati siku mbili. Kupimwa bure, upasuaji wa mtoto wa jicho bure, miwani bure. Waje na vitambulisho. Siku ya kwanza ilipofika, akina mama walibaki majumbani kwao. Madaktari walikaa na vifaa vyao mpaka mchana wakahudumia wanaume wanne na mwalimu mmoja.

"Bure tena?" Nuria alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mwenye kitambulisho cha akiba akawape."

Jicho la kulia la Bibi Dominika lilikuwa limekwisha kuwa jeupe, na la kushoto alionea vivuli tu. Mchana huo Imakulata alimkuta kibarazani akichambua kunde kwa kupapasa.

"Bibi, twende zahanati. Wanafunga kesho."

"Wanataka kidole?"

"Wanataka, kwenye fomu ya kukubali upasuaji. Lakini ni wino na karatasi, si mashine. Nimekwenda nikaona kwa macho yangu. Muuguzi wa zahanati namjua, na daktari kaja na gari la hospitali."

"Na yule alikuja na kitambulisho shingoni." Bibi aliendelea kuchambua. "Sikiliza, mwanangu. Wewe umesoma. Una simu, unajua mjini. Wakakudanganya wewe. Sasa mimi nisiyejua hata herufi, nitamjua vipi wa kweli na wa uongo? Siwezi. Heri nibaki na giza langu, halina polisi."

Imakulata alikaa chini. Alijaribu kumweleza tena juu ya wino, juu ya gari, juu ya muuguzi. Bibi alitikisa kichwa kila mara, bila hasira. Kisha maneno yalimwishia Imakulata, yakabaki yale mengine aliyokuwa ameyaficha.

"Bibi, mimi sikudanganywa kwa kila kitu."

Mikono ya Bibi ilisimama.

"Ule ujumbe ulikuwa na mwisho ambao sikuwasomea. Niliahidiwa tanki kubwa zaidi kwa kuwaleta ninyi. Elfu mbili. Roho iliniambia niulize, niende kwa mtendaji kwanza, nikaona nikiuliza nitalikosa. Na kituoni... Simu haikuzima. Nilifuta mwenyewe, ili msijue. Namba ya Husseni, picha ya Felix, vyote. Wewe unaripoti kwa sababu yangu."

Kunde moja ilianguka ikabiringika kibarazani. Bibi hakuitafuta.

"Siku ile nilimwambia askari huwezi kusema uongo," alisema mwishowe.

"Ulimwambia."

"Ukanisikia."

"Nilikusikia, bibi."

Imakulata alingoja kutukanwa. Angetukanwa angepata mahali pa kulilia. Bibi Dominika alikuwa amegeuzia uso kule anakodhani barabara iko.

"Kumbe mtu angeuliza angejua," alisema, kama anayeongea peke yake. "Mimi nilidhani mambo haya hayajulikani kabisa." Akakisogeza pembeni chungu cha kunde. "Kaniitie Mama Sultani. Mwambie anipeleke zahanati, aulize kila kitu mbele yangu, mpaka wachoke."

"Mimi nipo, bibi. Nitakupeleka mimi."

"Kaniitie Mama Sultani."

Nuria alimpeleka, na aliuliza kweli, sauti yake ilisikika nje ya zahanati. Aliporidhika alirudi mbio kuwaita wengine, na kesho yake foleni ikawa ndefu. Bibi Dominika alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Mwezi wa tano Koplo Nehemia alipiga simu kwa mtendaji kusema majibu ya kampuni ya simu yamefika, bibi asije tena, jalada limefungwa kwa upande wake. Husseni na Felix hawakupatikana. Laini za akina mama wengi zinaendelea kuwa hai mahali fulani, kwa majina yao.

Bibi hakumwambia mtu alichoambiwa kibarazani. Imakulata alisubiri siku, kisha wiki, kila alipokwenda bombani akitazama nyuso. Hakuna kilichobadilika. Nuria aliendelea kumpisha kwenye foleni. "Kwani wewe na bibi mmekosana nini?" alimwuliza siku moja. "Kila nikimwambia tumwite Mama Careen, anasema ana kazi."

Walikutana mwezi wa sita, kwenye njia nyembamba ya mikoroshoni, Imakulata akitoka shambani na Bibi akija peke yake bila fimbo. Bibi alimwona kutoka mbali, na kwa namna alivyopunguza mwendo Imakulata alijua kwamba ameonwa. Alitua mzigo wake wa kuni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Dominika alisimama. Alimtazama usoni, kwa jicho safi, kwa utulivu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kumwona wapi. Imakulata alingoja marahaba, goti bado limekunjwa. Bibi akasogea pembeni kwenye majani, akampisha njia, kwa adabu, jinsi anavyopishwa mpita njia wa kutoka mbali.